Bahari Yetu, Sumu Yetu, Dawa ya Nani?

Kila baada ya miezi michache ujumbe uleule hurudi kwenye magrupu yetu ya WhatsApp, umebadilishwa picha tu. Leo ni konokono wa baharini, kesho ni konyeza, keshokutwa ni samaki mwenye miiba. Maneno hayabadiliki: wanasayansi wamegundua kwamba sumu ya mnyama huyu inamaliza kansa, lakini makampuni makubwa yanaficha, tuma kwa watu kumi.

Hapa chuoni ujumbe huo hutugawa makundi mawili. Wapo wanaouamini na kuutuma nyumbani, kwa ndugu mwenye uvimbe ambaye tayari anaogopa hospitali. Na tupo sisi wa kozi za sayansi, tunacheka, tunasema hizo ni stori za vijiweni, kisha tunarudi kwenye madesa yetu. Mimi nasema makundi yote mawili yanakosea, na kosa la pili ni baya zaidi. La kwanza linatokana na kutojua. La pili ni la watu waliopewa boom ili wajue.

Ukweli ni kwamba dawa za saratani zilizotokana na viumbe wa baharini zipo na zinatumika hospitalini. Moja kati ya zinazotajwa sana ilianzia katika Bahari ya Hindi, bahari hiihii tunayokwenda kuogelea Coco Beach wikiendi. Ila hakuna hata moja iliyomfikia mgonjwa kwa muujiza, na hakuna hata moja iliyofika kwa kukamua mnyama na kumnywesha mtu. Zilifika kwa kazi ya maabara ya miaka mingi, na sehemu ya kazi hiyo ni ya kiwango ambacho mwanafunzi wa mwaka wa tatu anaweza kuifanya. Hapo ndipo ninapotaka tubanane.

Sumu ipi tunayoizungumzia?

Kiswahili kina neno moja, sumu, kwa vitu viwili. Ipo sumu ya kudungwa: nyoka anauma, nge anachoma, taa anapiga kwa mwiba wa mkiani. Na ipo sumu ya kuliwa: mnyama hana jino wala mwiba, ila ukimtafuna ndipo utakapojua. Baharini zote mbili zipo. Ujumbe wa WhatsApp hupenda ile ya kwanza kwa sababu inatisha, lakini kwa upande wa kansa, dawa zilizofika sokoni zimetoka zaidi kwenye ile ya pili.

Sababu inaeleweka. Fikiria sifongo. Amejibandika kwenye mwamba, hana miguu ya kukimbilia, hana gamba la kujifichia. Silaha yake ni kemia. Anabeba kemikali zinazomfanya samaki ajute kumgusa, na nyingi kati ya hizo hulenga sehemu maalumu sana ya seli. Nyingine huvuruga zile nyuzi nyembamba ambazo seli huzitumia inapojigawa mara mbili. Seli ya saratani, kwa lugha nyepesi, ni seli iliyokataa kuacha kujigawa. Ukizivuruga nyuzi zake, inakwama katikati ya kujigawa na kufa. Tatizo ni kwamba seli za nywele, za utumbo na za uboho nazo hujigawa kwa kasi, ndiyo maana mgonjwa wa kansa akitibiwa hunyonyoka nywele, hutapika na kupungukiwa damu. Kazi ngumu ni kuifanya sumu ijue pa kupiga na pa kuacha.

Dawa zilizokwishafika

Mwanzoni mwa miaka ya 1950 mkemia Werner Bergmann alitangaza matokeo ya kumchambua sifongo wa pwani ya Florida. Alikuta ndani yake vitu vinavyofanana na vijenzi vya DNA, ila vikiwa na sukari ya aina nyingine kabisa. Wakemia waliofuata waliiga wazo hilo, na ikazaliwa sitarabini, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 1969 kutibu saratani ya damu. Leo imo kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani. Wengi tunaisoma kwenye famakolojia bila kujua kwamba babu yake ni sifongo.

Mfano wa pili ni eribulini, inayotumika kwa saratani ya matiti iliyosambaa. Asili yake ni kemikali iliyopatikana kwa sifongo wa Japani katikati ya miaka ya 1980. Kilo 600 za sifongo zilitoa miligramu 12.5 tu za kemikali hiyo. Kwa hesabu hiyo bahari nzima isingetosha. Ilibidi Yoshito Kishi na wenzake wa Chuo Kikuu cha Harvard waijenge maabara, mwaka 1992, ndipo watu wakagundua kwamba nusu ya molekuli ile kubwa inatosha kufanya kazi. Dawa iliidhinishwa Marekani Novemba 2010.

Wa tatu ni trabektedini, kutoka kwa mnyama mdogo wa Karibiani anayeishi kwa kushikamana kwenye mizizi ya mikoko. Ili kupata gramu moja ulihitaji takriban tani nzima ya wanyama. Leo inatengenezwa kwa kuanzia na kemikali inayotolewa na bakteria anayefugwa kiwandani. Ulaya iliiruhusu mwaka 2007 kwa saratani za tishu laini.

Sasa tuje kwa jirani. Mwaka 1972 mkemia George Pettit wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Arizona alianza kumchunguza koa mnene wa baharini aliyekusanywa Mauritius. Kisayansi anaitwa Dolabella auricularia. Waingereza humwita sungura wa bahari, na si mgeni kwenye maji ya Afrika Mashariki. Juisi yake ilionekana kuua seli za saratani, lakini kemikali yenyewe ilikuwa kidogo mno kiasi kwamba muundo wake ulitangazwa mwaka 1987, miaka 15 baadaye. Ikaitwa dolastatini 10.

Hapa ujumbe wa WhatsApp ungekuwa umemaliza hadithi. Kumbe ndiyo kwanza inaanza. Dolastatini 10 ilipojaribiwa kwa wagonjwa ilishindwa, kwa sababu dozi ambayo mwili unaweza kuivumilia haikutosha kuushinda ugonjwa. Ikawekwa kando. Baadaye watafiti walitengeneza ndugu yake maabara, wakamfunga kwenye kingamwili inayotambua alama moja iliyopo kwenye seli za limfoma ya Hodgkin. Ni sawa na kumpa mzigo dereva wa bodaboda anayeijua nyumba moja tu mtaani: hateremshi njiani, anateremsha mlangoni. Dawa hiyo, brentuksimabu vedotini, iliidhinishwa Marekani Agosti 2011. Kutoka koa wa Mauritius hadi kwa mgonjwa ni miaka 39.

Na kuna kichekesho ndani yake. Mwaka 2001 wanasayansi waliikuta dolastatini 10 ndani ya sianobakteria, vile vijimea vidogo vinavyoonekana kama utelezi mwambani, huko Palau. Koa hakuwa na sumu yake mwenyewe. Alikuwa anaila na kuihifadhi. Yaani hata anayetangaza kwamba "koa anatibu kansa" amemsifia mwizi.

Kuua seli si kuponya mtu

Nimetaja miaka na kilo kwa makusudi. Mtu akikuambia "sumu hii imeua seli za saratani maabara," muulize: kwa kiasi gani, na seli nzima za jirani zilifanywaje? Jiki nayo inaua seli za saratani kwenye kisahani. Chumvi ikizidi inaua. Hakuna anayeshauri mgonjwa anywe jiki. Kati ya kisahani na kitanda cha hospitali kuna panya, kuna majaribio ya hatua tatu kwa binadamu, na vitu vingi vinafia njiani kama dolastatini 10 ilivyofia.

Kwa hiyo ndugu yako akikuletea chupa ya "mafuta ya konokono bahari," usicheke. Mweleze. Mwambie dawa ya kweli kutoka baharini ina jina, ina dozi, inatolewa kwa dripu na daktari anayepima damu yako kila wakati. Ile ya chupani haina hata kimoja.

Kijana wa miaka 18 na konokono muuaji

Turudi kwenye sumu ya kudungwa. Kuna konokono wa baharini wenye gamba la umbo la koni, lenye michoro mizuri ajabu, wanaowinda kwa kurusha jino lililo kama mkuki mdogo wenye sumu. Mmoja wao, Conus geographus, ameshaua watu, na hadi leo hakuna kingasumu yake. Wapo pia katika pwani yetu. Magamba yao utayakuta yamepangwa kwenye meza za wauza mapambo ufukweni, yanauzwa kwa watalii.

Baldomero Olivera alikuwa Mfilipino aliyesomea Marekani na kufanya kazi ya vimeng'enya vya DNA. Aliporudi kufundisha Manila hakukuta vifaa vya kuendelea na kazi ile. Angeweza kukaa analalamika, na nani angemlaumu? Badala yake aliangalia kilichokuwa kinapatikana bure nyumbani: wale konokono. Akishirikiana na Lourdes Cruz, akaanza kutenganisha sumu yao kipande kwa kipande.

Kazi ilihamia naye Chuo Kikuu cha Utah. Huko, mtu aliyeipata molekuli iliyokuja kuwa dawa hakuwa profesa. Alikuwa Michael McIntosh, kijana wa miaka 18 aliyetoka sekondari na kuanza kufanya kazi katika maabara ya Olivera. Kutoka kwa konokono mwingine, Conus magus, alitenga mnyororo mdogo wa asidi amino 25 unaoziba njia ambayo neva za uti wa mgongo huitumia kupitisha taarifa ya maumivu. Nakala yake iliyotengenezwa maabara, zikonotidi, iliidhinishwa Marekani Desemba 2004. Haiui uvimbe. Inatuliza maumivu makali ya watu walioshindikana kwa dawa nyingine, wakiwemo wagonjwa wa saratani. Hutolewa kwa pampu hadi kwenye maji ya uti wa mgongo, na ina madhara yake kwenye akili, kwa hiyo nayo si ya mchezo.

Kilichonigusa katika habari hii ni umri. Miaka 18. Sisi tuna 21, 22, 24, na ufuo wa Tanzania Bara pekee una zaidi ya kilomita 1,400, bila kuhesabu Unguja na Pemba. Penye miti hapana wajenzi, walisema wazee. Nasi tunasoma kilomita chache kutoka majini.

Sisi tunafanya nini?

Nenda kwenye rafu za ripoti za miradi ya mwaka wa mwisho. Nyingi ni za hojaji: mtazamo wa wanafunzi juu ya hiki, uelewa wa wakazi kuhusu kile. Sizidharau, wapo wanaozifanya vizuri. Lakini wote tunajua kwa nini tunazikimbilia. Unachapa karatasi, unagawa kafeteria, unaingiza kwenye programu ya takwimu, unamaliza wiki tatu, supavaiza anasaini. Ripoti inajalidiwa na kuanza kula vumbi.

Utetezi wetu ni kwamba vifaa hamna. Ni kweli, mashine ya kusoma muundo wa molekuli ni ghali na haipo kila chuo. Lakini hatua za mwanzo haziihitaji. Kuna jaribio la kamba wadogo wa maji chumvi, wale wanaoitwa Artemia. Unanunua mayai yao makavu, unayaweka kwenye maji ya chumvi chini ya taa, yanaanguliwa ndani ya siku mbili. Unawawekea dondoo unayotaka kuipima, kesho yake unahesabu waliokufa. Watafiti wa mimea ya dawa hapa nchini wamelitumia jaribio hili miaka na miaka. Halikuambii kwamba umepata dawa ya kansa. Linakuambia dondoo ipi ina nguvu ya kustahili hatua inayofuata, na hiyo ndiyo iliyopelekwe kwenye mashine kubwa, hata kama mashine iko nchi nyingine.

Watu pia tunao. Taasisi ya Sayansi za Bahari ipo Zanzibar tangu 1978. MUHAS kuna Taasisi ya Tiba Asilia. Mombasa kuna taasisi ya Kenya ya utafiti wa bahari na uvuvi. Kinachokosekana ni mlango kati yao. Mwanafunzi wa zoolojia anamjua mnyama lakini hajui kutoa dondoo. Wa kemia anajua kutoa dondoo lakini hawezi kutofautisha sifongo na matumbawe. Wa famasia anajua kupima sumu lakini hajawahi kupanda ngalawa. Kanuni za miradi katika vyuo vingi zinamfungia kila mmoja kwenye idara yake. Na hakuna kati yao aliyekwenda kumuuliza mvuvi ni kiumbe gani akimshika mkono unawasha siku tatu, wakati mvuvi huyo anajua mengi ambayo hayajaandikwa popote.

Hoja ya wanaopinga

Kuna rafiki zangu wa udaktari wataniambia: acha ndoto za konokono, wagonjwa wa kansa wa nchi hii wana shida za leo. Wanafika Ocean Road wamechelewa. Saratani ya mlango wa kizazi ina kinga, chanjo ya HPV ilianza kutolewa nchi nzima kwa wasichana mwaka 2018, na bado wapo wazazi wanaoikataa. Wengine wanakufa na maumivu ambayo mofini, dawa ya zamani na ya bei nafuu, ingeyatuliza.

Nakubaliana nao kwa yote. Ukiniuliza shilingi moja ya Wizara ya Afya iende kwenye chanjo au kwenye sifongo, nitasema chanjo, bila kufikiri mara mbili. Lakini mradi wa mwanafunzi hauli bajeti ya chanjo. Unakula semista mbili ambazo vinginevyo zingeliwa na hojaji. Tena anayejifunza kutoa dondoo, kutenganisha kemikali na kupima ukali wake ndiye huyohuyo atakayeweza kesho kupima dawa bandia madukani, na kutuambia kuna nini ndani ya zile chupa zinazouzwa stendi kwa jina la tiba ya kila kitu. Ujuzi ni mmoja. Hata kama mwisho wa safari hatupati dawa ya baharini, tutakuwa tumepata wakemia.

Na kama hatufanyi, wapo watakaofanya

Mwaka 1972 mtu angeweza kubeba viumbe wa kisiwa na kuondoka. Mkataba wa Bioanuwai wa 1992 ukasema viumbe vilivyo ndani ya mipaka ya nchi viko chini ya mamlaka ya nchi hiyo. Itifaki ya Nagoya ya 2010, iliyoanza kutumika 2014, ikaongeza kwamba anayechukua aombe ruhusa na akubaliane mgao wa faida. Tanzania na Kenya zote zimo. Anayetaka kufanya utafiti Tanzania anapita COSTECH kuomba kibali.

Karatasi ni nzuri, lakini karatasi haina macho. Wakenya wanalijua hilo kupitia Ziwa Bogoria. Vijidudu vilivyochukuliwa kwenye maji yake ya moto vilikuja kutoa kimeng'enya cha kufifisha rangi za jinzi, na Kenya ikabaki inalalamika kwamba haikupata mgao. Utadaije mgao wa kitu ambacho hukujua kama unacho? Mwenye orodha ya viumbe wake, mwenye sampuli kwenye friza yake na jina la mwanafunzi wake kwenye chapisho, ndiye anayekaa mezani akiwa na la kusema. Asiye na orodha anasaini anacholetewa.

Halafu kuna miamba yenyewe. Uvuvi wa mabomu ulivunja matumbawe ambayo huchukua miongo kukua, joto la bahari linayaua yaliyobaki, na konokono wa koni wanaondoka mmoja mmoja kwenye mifuko ya watalii kama mapambo ya kabati. Hatuwezi kujua ni nini tumekipoteza kwa sababu hatukukihesabu kilipokuwepo.

Ninachoomba

Kwa wakuu wa idara: ruhusuni mradi mmoja wa mwaka wa mwisho ufanywe na wanafunzi wawili au watatu wa idara tofauti, wenye wasimamizi wawili na alama zinazogawanywa kwa haki. Hilo halihitaji mashine, linahitaji kikao na saini.

Kwa serikali yetu ya wanafunzi: kila mwaka mnapata fedha za fulana, mabonanza na ziara. Tengeni sehemu ndogo ya kukodi mashua, kununua mayai ya Artemia na kulipa mvuvi anayejua mwamba. Mtaje hadharani miradi iliyofaidika, ili tujue hela imekwenda wapi. Na wekeni sharti la usalama tangu siku ya kwanza: hakuna mtu kushika konokono wa koni aliye hai kwa mkono, hata akiwa na glavu.

Kwa wenzangu: hakuna anayekuahidi dawa ya kansa. Uwezekano mkubwa ni kwamba dondoo zako zote zitashindwa, na ripoti yako itasema hivyo. Hiyo nayo ni taarifa, maana atakayekuja baada yako hatarudia mwamba uleule. Fomu za mada za mradi zinatoka mwanzoni mwa semista ijayo. Kabla hujaandika tena "mtazamo wa wanafunzi kuhusu," pita kwanza idara ya pili uulize nani yuko tayari kwenda baharini.